Pembe za Mama na Mugongo Wangu

Mama yangu aliumika watu kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo hakuweka pembe hata siku moja kwenye mugongo wangu. Nasema mapema ili musije mukasema nalalamika bure. Nalalamika, ndiyo, lakini si bure.

Hapa Nchelenge, kando ya ziwa, hakuna asiyejua kuumika, ila wasomaji wengine wako mbali, kwa hiyo nieleze kidogo. Mutu anakuja na mugongo unaomuuma, au goti, au kichwa kisichopoa. Mama anapapasa mupaka anapata mahali penyewe, anachanja kidogo kwa wembe mupya, anaweka pembe ya ng'ombe iliyotobolewa ncha, halafu anavuta kwa kinywa kupitia kile kitobo. Donge la nta ya nyuki liko tayari kinywani mwake. Akimaliza kuvuta anaziba kitobo kwa ulimi, bila kutumia mukono, na pembe inabaki imeng'ang'ania ngozi kama kupe. Baada ya muda anaibandua, na ndani iko damu nzito. Damu ile lazima mugonjwa aione. Inamwagwa kwenye sahani ya bati, mugonjwa anatikisa kichwa, anasema, "Eh! Kumbe njo hii ilikuwa inanitesa," kisha mama anaenda kuifukia nyuma ya nyumba.

Watu walikuja kutoka Puta, walikuja kutoka Chisenga na mitumbwi, na nguo zao bado zinanuka samaki. Mama aliwalaza kwenye mukeka na kuwapapasa migongo polepole, macho amefunga. Nyumbani mama hakuwa mutu wa kubembeleza. Ukimukaribia sana anakuambia, "Ondoka, jua ni kali." Lakini mikono ile ile ikigusa mugongo wa muvuvi asiyemujua hata jina, ilikuwa laini mupaka muvuvi mwenyewe analala usingizi. Mimi nilikuwa nakaa mulangoni, natazama, roho inaniuma kwa wivu.

Nikiwa na miaka minane nilijisingizia mugongo. Nililia vizuri kabisa, na machozi ya kweli yalitoka. Mama alinitazama tu, akanifunga kitenge, akanipeleka kwa mwanamuke mwingine aliyekuwa anaumika karibu na soko, mikono yake baridi kama samaki wa jana. Yule mwanamuke alinichanja kweli. Nilipona uongo wangu papo hapo.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza mama juu ya nini hakuniumika yeye. Akasema, "Damu ya mutoto wangu ni damu yangu. Mutu hawezi kujimwaga mwenyewe." Ndivyo mama yake alivyomufundisha alipomukabidhi zile pembe, na kwake hilo lilikuwa sheria. Kaka zangu walikubali bila maneno. Mimi sikukubali, ila nilinyamaza, na nikanyamaza hivyo kwa miaka karibu arobaini.

Bon. Uzee ulikuja. Kwanza yalitoka meno ya mbele, mama akajifunza kuvuta kwa pembeni ya mudomo. Halafu kifua kikaanza kumusumbua. Huko hospitali walimupa dawa, na dawa zilimusaidia kupumua, lakini pumzi ya kuvuta pembe ni pumzi nyingine. Siku moja alikuja muzee wa Chisenga, muvuvi ambaye mama alimuumika tangu akiwa kijana. Mama akachanja, akaweka pembe, akavuta. Pembe ikaanguka. Akaweka tena, ikaanguka. Mara ya tatu alivuta mupaka mishipa ya shingo ikasimama, na pembe ikateleza tu kwenye damu, ikaanguka kwenye mukeka. Yule muzee akajifuta mwenyewe, akavaa shati, akasema kwa heshima, "Haiko mubaya, Mama. Maumivu imepunguka." Haikuwa imepunguka. Alitoka anatembea ameinama upande.

Mama akaosha pembe zake tatu, akazifunga kwenye kitambaa, akazitia ndani ya mukebe wa maziwa ya unga na kufunga kifuniko. Kuanzia siku ile alianza kulala muchana akitazama ukuta. Nikimuwekea bukari, ugali wetu, anamega vitonge viwili, anasukuma sahani. Nikimupikia chisense, dagaa wetu wa ziwani, wabichi na nyanya, kitu alichokuwa anapenda kuliko nyama, anasema, "Kula weye, unayefanya kazi." Mama alikuwa anajiachia kufa, na sababu nilikuwa naijua: hakuna mutu aliyemuhitaji tena. Niliogopa sana. Mimi ni mwanamuke wa kupiga kelele sokoni, nagombana na wachuuzi wa Mansa juu ya kila debe la samaki, lakini mbele ya ule mugongo uliogeukia ukuta nilikuwa narudisha sahani jikoni tu.

Katikati ya hayo bega langu la kuume likakataa kazi. Miaka ya kubeba mifuko ya samaki ilikuja kunitafuta. Nilishindwa kuinua mukono, nilishindwa hata kujifunga kitambaa cha kichwa. Kliniki walinipima, wakasema mufupa haukuvunjika, wakanipa vidonge. Vidonge vikiisha, maumivu yanarudi kukaa mahali pake.

Jirani yangu wa sokoni, Mubemba wa hapa hapa, mwanamuke mwenye kicheko kikubwa na siri ndogo, ndiye alikuwa ananifunga kitambaa kila asubuhi. Siku moja alichoka. "Awe, bamayo," akakataa, yaani hapana, mama, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha biashara. "Miye si mutoto yako. Enda kwa ule mama wa sindano."

Mama wa sindano alikuwa Mukongomani kama mimi, ametoka Lubumbashi, kule alikofanya kazi miaka mingi kwa daktari Muchina na kujifunza kwake. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko, pembeni ya mahali pa kuchaji simu. Ukutani alibandika picha ya mutu uchi amejaa mistari na vitone, na maandishi ya Kichina ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Jirani yangu alisema labda yameandikwa "Usiteme mate hapa."

Nilifikiri atauliza bega. Aliniambia nitoe ulimi. Akautazama, akanishika kifundo cha mukono kwa vidole vitatu, akasikiliza mapigo ya damu muda murefu, kama mutu anayetegea mazungumuzo ya nyumba ya pili.

"Unalalaka?" akauliza.

"Nalalaka."

"Unanidanganya, Mama. Kitu gani iko nyumbani?"

Na mimi, mwanamuke mwenye wajukuu wawili, nikaangua kilio kwenye kitanda cha mutu ambaye nimemujua dakika kumi. Nikamuambia yote: pembe, muzee wa Chisenga, ukuta, vitonge viwili. Hakunipa pole nyingi. Alinichoma sindano nyembamba kama nywele, begani na hata kwenye muguu, jambo lililonishangaza maana muguu haukuwa na kosa. Akawasha majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, akayapitisha karibu na ngozi mupaka joto likaingia ndani. Mwisho akachukua vikombe vya plastiki vyenye pompi ndogo ya mukono, akavibandika mugongoni, akapiga pompi. Nikasikia ngozi yangu inanyanyuka.

Nilijua nini kile. Sikuwa nimekisikia kwenye mwili wangu tangu nikiwa na miaka minane, lakini nilikijua.

"Hauchanji?" nikamuuliza.

"Hapana. Miye sitoi damu. Navuta tu." Kisha akaongeza kwa ukali kidogo, "Na unisikilize muzuri. Hii inasaidia, haiponyi yote. Siku mukono ukikufa ganzi, usikuje kwangu, enda hospitali."

Nilirudi nyumbani nimejifunga kitenge mupaka shingoni, kama mwizi. Kwenda kwa mikono mingine wakati mama yangu analala na pembe zake kwenye mukebe, niliona ni kumutukana. Nilificha vizuri siku mbili. Siku ya tatu niliinama kupuliza makaa kwenye jiko la mbabula, kitenge kikateleza, na nyuma yangu nikasikia kitanda kinalia.

Mama alikuwa ameamka. Peke yake, bila kuitwa. Alikuja anashika ukuta, akasimama nyuma yangu, na kidole chake kikaanza kupita kwenye zile duara, moja moja. Zilikuwa sita, nyeusi kama zambarau.

"Nani amekuumika?"

Nilivuta kitenge kifunike mugongo.

"Alama ya wembe iko wapi? Damu iko wapi?"

"Haiko damu, Mama. Ni dawa ya Bachina. Banavuta tu."

"Banavuta nini?"

"Upepo."

Akacheka. Miezi mingapi sikuwa nimesikia kile kicheko! "Bachina banatoka kwabo kule kote kuya kuvuta upepo Nchelenge," akasema. "Kama vile ku ziwa upepo haiko."

Ningecheka naye, mambo yangeishia hapo. Lakini alipomaliza kucheka alisema, polepole, "Njo umeenda ku mikono ya mutu mwingine." Na mimi nina hasira za karibu, mama mwenyewe alikuwa anasema nimezaliwa na pilipili mudomoni. Nikageuka, koleo la makaa bado mukononi.

"Mikono ingine njo nilizoea! Kutoka Puta mupaka Chisenga unajua migongo ya batu bote. Ya mutoto wako haujue. Ungenigusa lini, weye?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama alinitazama, midomo yake isiyo na meno imefungwa, akarudi kitandani anashika ukuta ule ule. Siku ile hakula hata kitonge kimoja. Kesho yake alikunywa maji tu. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda, nikamuomba musamaha kwa Kiswahili na kwa Kibemba, nikaomba na Mungu aniongezee maneno. Mama alisema, "Nimesikia," bila kugeuka. Nilijua nikiacha siku nyingine ipite hivyo, nitakuwa nimemumaliza mimi, kwa mudomo wangu.

Asubuhi sikuenda sokoni. Nilienda kwa mama wa sindano, nikamueleza aibu yangu. Nilitaka anipe dawa ya kurudisha hamu ya chakula. Alisikiliza, akafunga chumba, akachukua mufuko wake na kilo moja ya sukari. "Twende," akasema. "Kidole kimoja hakiui chawa."

Nilimuona anavyoingia nyumbani kwetu na nikamupenda kabisa. Alivua viatu mulangoni, akapiga magoti, akapiga makofi ya taratibu kama vile watu wa hapa Luapula wanavyosalimia wakubwa. Akaweka sukari chini. "Mama," akasema, "bananiambia weye njo ulianza hii kazi mbele yetu bote. Miye nilijifunza ku Bachina. Weye ulijifunza ku nani?"

Mama alikuwa bado ameutazama ukuta. Baada ya muda, sauti ikatoka: "Ku mama yangu."

"Na yeye?"

"Ku mama yake." Na mama akageuka, maana mutu hawezi kumupa mugeni mugongo anapouliza habari za bibi zake.

Wakaongea. Mama akaagiza mukebe wa maziwa, pembe zikatoka, mama wa sindano akazishika kwa mikono miwili. Naye akatoa vikombe vyake. Mama alikinusa kimoja, akakigonga kwa kucha. "Na hii njo inavutaka?"

"Eee."

"Bila kinywa?"

"Bila kinywa."

Mama akavuta nguo yake juu ya goti, akabandika kikombe kwenye paja lake jembamba, akapiga pompi mara moja. Ngozi ikanyanyuka ndani ya plastiki. Akapiga tena. Alitazama ile ngozi yake inavyopanda. Pumzi iliyomuhama ilikuwa pale, kwenye kiganja chake.

"Na damu haitoke?" akauliza.

"Haitoke hata kidogo."

Mama akabandua kikombe, akapapasa alama kwa kidole. Halafu akainua macho, akanitazama mimi niliyesimama na chupa ya chai kama mugeni kwenye nyumba yangu.

"Kama damu haitoke," akasema, "basi sheria haiko. Weye, kuya hapa. Vua."

Nilivua. Nililala kwenye mukeka, uso chini, na kiganja cha mama kikashuka mugongoni mwangu. Kilikuwa kikavu, chepesi, na moto. Kilitembea polepole kutoka shingoni mupaka kiunoni, kikarudi, kikasimama mahali hata mimi sikujua panauma, na hapo nikalia kwa sauti bila aibu. Mama wa sindano alitaka kumuonyesha pa kubandika, akaona hakuna haja, akarudi nyuma akakaa.

"Mifupa ya baba yako hii," mama akasema juu yangu. "Bishi kabisa." Akapiga pompi. "Ulikuwa mutoto wa kulia bure. Ile siku ulijisingizia mugongo, unafikiri sikujua? Nilijua. Nilitaka kukushika hata ile siku. Niliogopa sheria ya mama yangu." Akapiga tena. "Sasa nyamaza, utaangusha kikombe."

Jioni aliomba chisense. Alikula bukari yake, akamega na ya sahani yangu.

Mama wa sindano alimuachia vikombe vinne na pompi. Habari zilivuka maji haraka kuliko mitumbwi, na yule muzee wa Chisenga alirudi wa kwanza. Mama alimuumika bila wembe, akakasirika kwamba hana kitu cha kumuonyesha kwenye sahani. "Uliona weye mwenyewe ugonjwa ulivyotoka?" akamuuliza. "Ulienda na upepo." Muzee akasema ameuona. Siku nyingine mama wa sindano alikuwa anakuja kukaa naye tu, kumuuliza hiki na kile, na mama alikuwa anamufokea kama mutoto wake, ndiyo heshima kubwa kwetu.

Jumamosi ilikuwa siku yangu. Mupaka leo bega halijapona lote. Kitambaa najifunga mwenyewe, beseni la samaki bado linanishinda. Lakini nilikuwa naenda kwenye mukeka hata wiki ambayo haliumi, na mama alikuwa anajua, na hakusema kitu. Mara hii hatukuhitaji kudanganyana.

Kifua kilirudi kumusumbua na baridi ya mwezi wa sita. Jumamosi ya mwisho alishindwa kukaa, akaniambia nilale pembeni yake kitandani. Mikono yake haikuwa na nguvu ya pompi. Nilipeleka mukono wangu nyuma, ule mubovu, tukapiga pamoja, mimi na yeye. Vikombe vinne. Alisahau kuvitoa mapema, au labda hakusahau, na alama zilitoka nyeusi kuliko siku zote. Jumatano asubuhi alifariki, nimemushika.

Siku za kilio sikulia sana, watu walishangaa. Nilikuwa na kitu. Nilipoenda kuoga, jirani yangu wa sokoni alikuja kunisugua mugongo, akashituka. "Bamayo! Hii nini?" Nikamuambia ni mikono ya mama, asisugue pale. Akaweka sabuni chini, akanimwagia maji tu, taratibu.

Kila siku nilimuita atazame. Siku ya kwanza zilikuwa nne. Baadaye akasema zinageuka rangi ya chai, halafu mbili zimeenda, halafu iko moja tu, karibu na bega. Watu wa kilio walirudi makwao, mukeka wa wageni ukakunjwa, na mimi nikamuita tena, nikamugeuzia mugongo kwenye mwanga wa muchana.

Aliinama, akatazama karibu.

"Iko?" nikauliza.

Akaweka kiganja chake chote pale begani, akakikandamiza.

"Iko, mukwai," akasema. "Iko moja."

Nilijua ananidanganya. Nilimuambia aache mukono pale kidogo.